Kusitiri na kuficha: mtihani wa walimu walezi nchini Tanzania

Mwanzoni mwa Oktoba 2016, video fupi iliyochukuliwa kwa simu ilisambaa katika mitandao ya kijamii nchini Tanzania, na haikuchukua muda kuvuka mipaka. Ilionyesha watu wazima kadhaa wakimshambulia kijana mmoja wa kidato cha 3 kwa makofi, mateke na fimbo ndani ya ofisi ya walimu ya Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya, kusini magharibi mwa nchi hiyo. Waliotajwa kuhusika hawakuwa walimu walioajiriwa. Walikuwa wanachuo waliopelekwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha, wakitokea Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, maarufu kama DUCE, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Hatua zilifuata upesi. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanachuo waliohusika wamefukuzwa masomo. Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwigulu Nchemba, aliwaelekeza polisi kuwashughulikia. Mkuu wa shule naye aliondolewa katika nafasi yake, lawama kubwa juu yake ikiwa ni kutoripoti tukio lile kwa wakubwa wake. Ndani ya siku chache hasira ya umma ilikuwa imepata pa kutua.

Swali ambalo halikupewa nafasi kubwa katika siku zile ni la malezi. Mwanachuo aliyeko shuleni kwa mazoezi si mwalimu kamili, wala si mwanafunzi wa shule ile. Kuna mtu aliyekabidhiwa kumwongoza. Je, mtu huyo anatakiwa kufanya nini pale kijana aliye mikononi mwake anapoanza kuwaudhi wengine kwa maneno, kwa mavazi, kwa kejeli au kwa mkono, wiki kadhaa kabla mambo hayajafikia mateke? Swali ni gumu kuliko linavyosikika, na haliihusu Mbeya peke yake.

Kazi isiyoonekana kwenye ratiba

Kila mwaka vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vya Tanzania huwatawanya wanachuo wao mashuleni kwa wiki kadhaa. Wenyewe huuita muda huo mazoezi ya kufundisha, au BTP kwa wale wa vyuo vya ualimu. Mwanachuo hupewa somo, madarasa na vipindi. Huandaa andalio la somo, husahihisha madaftari, na pengine huwekwa kwenye zamu. Wanafunzi humwita mwalimu na kumsimamia anapoingia darasani. Kengele ya mwisho ikilia, anarudi kuwa mtu anayesubiri alama za mtu mwingine.

Wanaomwongoza ni wawili. Wa kwanza ni mkufunzi au mhadhiri kutoka chuoni, ambaye huja mara mbili au tatu, akakaa nyuma ya darasa na fomu yake ya tathmini, akazungumza naye kidogo chini ya mti, kisha akaondoka kuwahi shule nyingine. Wa pili ni mwalimu mwenyeji wa somo lile, anayeitwa mwalimu mlezi. Huyu ndiye anayemwona kila siku: anavyofika asubuhi, anavyowajibu watoto, anavyozungumza ofisini. Lakini mara nyingi ulezi huu haumpunguzii mwalimu vipindi wala haumwongezei posho. Ni kazi ya ziada juu ya madarasa yaliyofurika.

Ndiyo maana katika shule yenye upungufu wa walimu, kufika kwa wanachuo hupokelewa kama mvua baada ya kiangazi. Mwenyeji humkabidhi kijana vipindi vyote, chaki na fimbo, kisha akageukia majukumu mengine. Yeyote aliyesoma shule ya serikali upande huu wa Afrika ameliona hilo. Ulezi wa namna hiyo umekwisha kabla haujaanza, na mlezi atasikia habari za mwanachuo wake pale tu atakapoletewa malalamiko.

Si kila anayeudhi amekosa

Malalamiko yenyewe huja ya kila aina, na mtihani wa kwanza wa kimaadili ni kuyachambua.

Kijana aliyekulia Dar es Salaam hupangiwa shule ya kijijini. Anaingia ofisi ya walimu na kusema "mambo vipi" mbele ya mwalimu aliyefundisha kwa miaka 30. Kwake ni salamu ya kirafiki. Kwa mzee yule, kunyimwa shikamoo ni dharau, na kabla ya saa nne ofisi nzima itakuwa imejua kwamba wanachuo wa siku hizi hawana adabu. Mwingine humsahihisha mwenyeji Kiingereza mbele ya wanafunzi. Binti huvaa suruali katika kijiji ambacho wazazi hawajazoea, au huvaa hijabu katika shule ambayo walimu wake hawajazoea. Mwingine huchekwa kwa lafudhi ya kwao, naye akajibu kwa ukali, akaandikwa kuwa mkorofi.

Katika mifano hiyo yote kuna mtu aliyeudhika, lakini si katika yote kuna kosa. La salamu ni jambo la kufundishana. Mlezi anayemweleza kijana desturi za mahali amemsaidia, na anayemwacha aaibike ili ajifunze amemtupa. La hijabu na la lafudhi ni tofauti kabisa. Hapo anayehitaji kusemeshwa ni mwenyeji, wala si mgeni. Mlezi anayemwambia mwanachuo avumilie kejeli za wenzake kwa kuwa yeye ni mpitaji tu amechagua amani ya ofisi badala ya haki, hata kama amelisema kwa sauti ya upole.

Upande wa pili uko mwenendo ambao hauwaudhi wakubwa hata kidogo, na ndio wenye madhara zaidi. Mwanachuo mcheshi, anayependwa na ofisi nzima, huweza kuwa ndiye anayemwiga mtoto mwenye kigugumizi ili darasa licheke. Humpa jina la utani mtoto ambaye sare yake imechanika. Hutaja kabila la mtoto kila anapokosea hesabu. Watoto hawaji ofisini kulalamika juu ya mambo hayo, na mlezi asiyeingia darasani hatayajua. Akiyajua, atakuta hakuna jina la kosa hilo katika sheria za jinai, na kijana atamjibu kuwa ulikuwa utani. Hapa ndipo mlezi anapopimwa: kama atasubiri kosa lenye kifungu cha sheria, au atatambua kwamba mtoto aliyechekwa na darasa zima kwa ruhusa ya mwalimu huenda asinyooshe mkono tena mwaka ule.

Simu nayo imeongeza mlango. Mwanachuo hurekodi watoto wakikosea kusoma, akaweka mtandaoni kwa kujifurahisha. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo picha ya mtoto si jambo la kuchezea. Ajabu ni kwamba tukio la Mbeya lilifika kwa umma kwa njia hiyo hiyo ya simu.

Juu ya mapenzi kati ya mwanachuo na mwanafunzi, hakuna mjadala wa kimaadili wa kufanya, ingawa umri wao huweza kukaribiana: mmoja ana miaka 22, mwingine 18. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mlezi anayeona dalili za awali, kama vile mwanafunzi anayekwenda kusahihishiwa daftari nyumbani kwa mwanachuo, hana ruhusa ya kungojea uthibitisho.

Sitara na mipaka yake

Katika malezi ya Waswahili, kumsitiri mwenzako ni wema mkubwa. Mtu mzima haanikwi. Akikosea, huitwa kando, huambiwa kwa sauti ya chini, na aliyemwambia huondoka na siri hiyo. Adabu hii ina nafasi yake halali katika kumwongoza mwanachuo. Mlezi anayemgombeza mbele ya kidato cha 2 amemmaliza, kwa sababu watoto hawatamsikiliza tena, naye atatafuta kuirudisha heshima yake kwa nguvu. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, hata mzozo wa Mbeya ulianzia kwenye zoezi la somo la Kiingereza na adhabu iliyofuatana nalo. Kijana anayefundisha kwa mara ya kwanza, akapingwa na mwanafunzi anayekaribiana naye kwa umri, huona kama sakafu imemtoka chini ya miguu. Jioni ya siku kama hiyo ndiyo mlezi anahitajika: amkalishe, amsikilize, amweleze kuwa kila mwalimu amewahi kupingwa, na amwonyeshe namna ya kulimaliza jambo bila fimbo.

Shida huanza pale neno kusitiri linapobebeshwa mzigo usio wake. Mwanachuo amempiga mtoto hadi akavimba. Ofisini inasemwa: ni kijana, ana maisha mbele, baba yake ameuza ng'ombe kumsomesha, tusimharibie. Maneno hayo si ya watu wabaya. Mara nyingi wanaoyasema ni walimu waliowahi kusamehewa wenyewe. Lakini sitara ni ya aibu ya aliyekosea, na haiwezi kulifunika jeraha la mtu wa tatu ambaye hakuulizwa kama amesamehe. Mtoto yule ana mzazi, naye hakuwepo ofisini wakati huruma ikigawiwa. Kumwita kijana kando badala ya kumwaibisha mbele ya watu ni kusitiri; kumtaka mwanafunzi asiseme nyumbani ni kuficha, na aliyefichiwa leo huenda kesho akaajiriwa akiwa na imani kwamba ofisi ya walimu humlinda mwenzao daima.

Mlezi mwenye busara huliweka wazi jambo hili siku ya kwanza. Humwambia mwanachuo mapema kuwa mapungufu ya ufundishaji, hofu na makosa ya kawaida yatabaki kati yao wawili. Ila likimgusa mtoto mwilini au katika utu wake, litaandikwa na kupelekwa kwa mkuu wa shule na chuoni. Bila tahadhari hiyo, mlezi hujikuta katika mtego. Kijana humfungulia moyo kama kwa mzazi, akasimulia alichofanya, halafu aliyesikiliza analazimika kuvunja siri aliyoipokea kwa ukimya.

Kuandika nako kuna maadili yake. Wapo walezi ambao huvumilia mambo kwa wiki 5, kisha wakamwaga yote katika ripoti ya mwisho, wakati kijana hana tena siku ya kujirekebisha. Wapo wengine wanaompa kila mwanachuo alama nzuri ili aondoke salama na shule ipumzike. Wa kwanza anamdhulumu mwanachuo. Wa pili anawadhulumu watoto asiowajua, wa shule ambako kijana huyo ataajiriwa. Kumbukumbu fupi yenye tarehe, iliyosomwa na wote wawili, inayosema nini kilionekana na nini kimekubaliwa, humlinda kijana dhidi ya chuki na humlinda mlezi dhidi ya kusahau.

Anayehukumu naye aangaliwe

Lipo jambo ambalo mazungumzo juu ya nidhamu ya wanachuo huliruka kwa urahisi. Mwanachuo ndiye mtu dhaifu kuliko wote katika ofisi ya walimu. Alama zake zinategemea maoni ya wengine, nauli yake na chakula chake vinategemea fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo kama ni miongoni mwa wanufaika, na baada ya wiki chache ataondoka. Ni rahisi mtu wa namna hiyo kuitwa mkorofi kwa sababu isiyosemwa.

Binti aliyepewa jina la mwenye dharau huenda amekataa tu mwaliko wa mtu mwenye mamlaka juu yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inataja waziwazi kuwa kutumia mamlaka kudai ngono ni kosa, na TAKUKURU ndiyo yenye dhamana ya kulipeleleza. Kwa hiyo mkufunzi anayepokea malalamiko dhidi ya mwanachuo wa kike ana wajibu wa kuuliza maswali mawili: amefanya nini, na anayelalamika ni nani kwake. Vilevile mlezi anayemlaumu mwanachuo kwa fimbo wakati yeye mwenyewe hutembea nayo kwapani anazungumza na kiziwi. Wanachuo huiga wanachokiona zaidi ya wanachoambiwa, na wengi wao waliiona fimbo hiyo kwa miaka kadhaa wakiwa upande wa pili wa dawati.

Sheria inamkuta wapi

Hapa wasikilizaji wa nchi jirani wanahitaji ufafanuzi, kwa kuwa sheria ya fimbo si moja katika ukanda huu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Uganda iliviondoa kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Tanzania Bara bado inaviruhusu, lakini kwa masharti ambayo video ya Mbeya iliyakanyaga yote. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, isizidi viboko 4, iandikwe katika kitabu maalumu, na mwanafunzi wa kike apigwe na mwalimu wa kike pale anapokuwepo. Mwanachuo aliyekabidhiwa fimbo kwa mdomo tu, kwa maneno kama "darasa hilo ni lako, lishike", hajapewa ruhusa yoyote inayotambulika. Aliyempa ndiye aliyekosa kwanza.

Kwa mwalimu aliyeajiriwa serikalini, nidhamu husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwanachuo hayumo katika utumishi huo. Kanuni zinazomfikia ni za chuo chake, na zikishindwa ni polisi na mahakama. Kati ya ushauri wa chini ya mti na kufukuzwa chuo kuna nafasi kubwa iliyo tupu, na anayetarajiwa kuijaza ni mwalimu mlezi, ambaye mara nyingi hakuandaliwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mambo hukaa kimya muda mrefu, kisha yakalipuka kwa siku moja.

Kenya imelijaza pengo hilo kwa sehemu, angalau katika unyanyasaji wa kingono. Waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma ya Walimu unamtaka mwalimu mwenye taarifa za unyanyasaji huo dhidi ya mwanafunzi aripoti ndani ya saa 24, na anayenyamaza au kuficha huchukuliwa hatua. Uzito wa waraka kama huo ni kwamba humwondolea mwalimu mzigo wa kuchagua kati ya mwenzake na mtoto. Akiulizwa ofisini kwa nini amemharibia kijana wa watu, anaweza kujibu kuwa kukaa kimya kungemharibia yeye kazi. Jibu hilo halina ushujaa, lakini linamlinda mtoto kama lile la kishujaa.

Katika shule ambazo mambo huenda vizuri, dalili zake ni ndogo ndogo. Mkuu wa shule huwapokea wanachuo kwa kikao, akawasomea kanuni za adhabu na kuwaambia kuwa fimbo haiwahusu. Mlezi huingia darasani wiki ya kwanza, si ya mwisho. Wanafunzi huambiwa jina la mwalimu wa ushauri nasaha wanayeweza kumwendea juu ya mwalimu yeyote, akiwemo mgeni. Mkufunzi anayekuja kutathmini hutenga nusu saa ya kuwauliza wenyeji juu ya mwenendo, kabla ya kufungua fomu ya ufundishaji.

Linabaki jambo ambalo hata shule hizo hulikwepa. Mwanachuo aliyeshindikana mahali pamoja mara nyingine huhamishwa kimya kimya kwenda shule nyingine ili amalizie wiki zake. Shule ya kwanza hupumua, chuo hakipati aibu, kijana hapotezi mwaka. Shule ya pili hupokea barua yenye jina lake, somo lake na tarehe ya kuripoti, na Jumatatu inayofuata huonyeshwa darasa lake.